Kisanduku cha Tatu

Nesi wa kituo cha afya Kitangari hana haraka.
Ameifunua fomu, ameijaribu kalamu
pembeni mwa gazeti la juzi,
ameuliza: "Baba wa mtoto yuko wapi?"

Dada yangu Esha akatazama dirishani.
Nje, upepo wa Newala ulikuwa unaipekua mikorosho,
na mwenye pikipiki aliyetuleta
alikuwa anatafuna bibo, maji yanamchuruzika hadi kiwikoni.

"Alikwenda kupuliza salfa mashamba ya watu, Tandahimba.
Salfa imekwisha. Korosho zimeokotwa, zimepigwa mnada.
Yeye hajarudi."

Nesi akaeleza utaratibu, kwa sauti ya mtu
aliyekwisha kuueleza mara sita asubuhi hiyo:
wenye ndoa, baba anaandikwa.
Wasio na ndoa, baba aje mwenyewe, akiri, atie saini.
Asipokuja, mstari wake unabaki mtupu
na mtoto anachukua jina la mama.
"Siandiki baba wa kuambiwa."

Nikasema, niandike mimi hapo. Mimi njomba wake.
Nani kalipa pikipiki? Nani ataitwa
siku akichezwa unyago?
Nesi akaishusha kalamu. "Kaka,
ukiandikwa hapa, umezaa na dada yako."
Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka hadi akashika mshono.

Basi nikakaa. Nikaanza kuhesabu.
Wanangu wanne wanaitwa Nandimba kama mimi, shuleni na kliniki,
lakini litawa lao ni la mama yao;
nikifa, watanililia kama wageni wenye adabu.
Na huyu aliyelala ndani ya kanga, ngumi mbili puani,
ni wa kwetu hadi kitovuni,
na mimi katika mstari ule ni kosa la jinai.

"Basi la mama," nesi akasema. "Esha nani?"
"Esha Nandimba."

Hapo ndipo niliposhtuka.
Nandimba ni baba yetu. Alitoka Nanguruwe
na jembe moja na redio ya mbao isiyo na betri,
akaoa, akalima shamba la mama, akatuzaa,
na hakuwa wa litawa letu hata siku moja.
Tulimpenda. Lakini alikuwa mkwe.
Kumbe karatasi inaposema jina la mama
inatafuta mwanamume mwingine, wa nyuma kidogo.

Bibi hakuandikwa popote. Mama yake bibi pia.
Walizaa kijiji kizima
na katika makaratasi yote ya wilaya
wamepita kama maji kwenye tenga.

Esha, aliyekuwa kimya tangu salfa,
akasema: "La kwanza, Sikudhani.
La mwisho, weka la litawa."

"Sheria inakataza?" nikauliza.
Nesi akaigeuza fomu nyuma, akaisoma tena mbele,
akapiga simu, akaikata kabla haijapokelewa.
"Imeandikwa jina la ukoo," akasema.
"Haijasema ukoo wa nani."

Akaitua kalamu kwenye kisanduku cha tatu.
"Haya. Herufi kwa herufi."

Nami, ambaye jina hilo nimelitaja
jandoni, matangani, kwenye ugomvi wa mipaka,
sikuwahi kuliona.
Sikujua lina urefu gani.
Nikalitamka polepole, kama mtu anayevuka
daraja la mti mmoja:
Nang'unde.

"Ng ya ngoma au ya ng'ombe?"

Esha akajibu kabla yangu:
"Ya ng'ombe. Na hicho kialama cha juu usikisahau."

Nesi akakiweka. Kidogo, kama mbu.
Mtoto akapiga chafya.